Bei ya Makala na Umeme Ikipanda: Tupatane Bei ya Kudumu ama Tufuate Soko?



Katika mazungumzo yetu na wakimbizi wa ndani na familia zilizowapokea, swali moja linarudi kila mara bei ya makala ama ya umeme inapopanda. Je, ni afadhali kupatana na muuzaji bei moja kwa miezi kadhaa, ama kulipa kadiri soko linavyosema siku hiyo? Wengine wanasema bei ya kudumu ni usalama. Wengine wanasema ni njia ya muuzaji kutunyonya. Wote wana sehemu ya ukweli. Katika makala hii tunaeleza namna ya kupima, ili kila familia ichague kwa kujua inachokifanya.

Kwa nini jambo hili linagusa amani

Watu wengine watauliza: gazeti la amani linatafuta nini jikoni? Jibu ni rahisi. Makala yakikosekana nyumbani, mama ama binti anatumwa kutafuta kuni. Mara nyingi anaenda mbali, mahali ambapo kuna watu wenye silaha. Akiingia katika Mbuga ya Virunga, ambayo iliundwa mwaka 1925, anavunja sheria, kwa sababu kukata miti na kuchoma makala humo ni marufuku. Akikata katika shamba la mwenyeji, ugomvi unaanza kati ya mwenyeji na mkimbizi. Tuliona jambo hilo kwa ukubwa mwaka 1994, wakati wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walipokaa kando ya Goma na msitu wa karibu ukakatwa kwa ajili ya kupikia.

Na katika nyumba za mjini, familia tatu ama nne zikitumia mita moja ya umeme, bei ikipanda kila moja inamtazama mwenzake: nani anamaliza umeme? Magomvi mengi ya parseli yanaanza kwa taa na pasi, na watu wakikasirika wanatafuta kabila la mwenzao. Kwa hiyo kupatana vizuri juu ya bei ni kazi ya amani.

Maana ya bei ya kudumu na bei ya soko

Bei ya kudumu ni bei ambayo muuzaji na mnunuzi wamekubaliana kwamba haitabadilika kwa muda fulani, hata soko likipanda ama likishuka. Mfano ni mpangaji anayelipa kiasi kilekile kila mwezi kwa ajili ya umeme, ambacho wengi wanaita forfe. Bei ya soko ni ile inayobadilika: leo hivi, kesho vingine.

Jambo la kuelewa kwanza ni hili: hatari haipotei, inabebwa na mtu. Katika bei ya soko, hatari ya kupanda inabebwa na mnunuzi. Barabara ikifungwa, yeye ndiye anayelipa zaidi. Katika bei ya kudumu, hatari hiyo inahamia kwa muuzaji. Lakini muuzaji si mjinga. Habebi mzigo wa mwenzake bure. Ndiyo maana bei ya kudumu inaanza karibu siku zote juu kidogo ya bei ya leo. Kiasi kile cha juu ni malipo ya usalama. Swali letu si «ipi ni rahisi leo?», bali ni «usalama huo unagharimu kiasi gani, na je, sisi tunauhitaji?»

Kwa nini bei inapanda huku kwetu

Makala ya Goma yanatoka mbali, na sehemu kubwa imetoka kwa miaka mingi katika misitu ya Virunga. Gunia linapita mikononi mwa mchomaji, mbebaji, mwenye gari, na muuzaji wa jumla kabla ya kufika kwa mama anayeuza kwa ndoo. Njiani kuna barieri, na kila barieri inadai kitu. Mapigano yakianza, barieri zinaongezeka na magari yanapungua. Mvua kubwa nayo inaharibu barabara na kulowesha makala. Watu wengi wakihamia mji kwa siku chache, wanunuzi wanaongezeka wakati mzigo haujaongezeka.

Umeme una sababu zake. Bukavu inapata umeme wa mto Ruzizi, na kituo cha Ruzizi II kinahudumia Congo, Rwanda na Burundi pamoja. Maji ya Ziwa Kivu yakipungua, ama mashine zikiharibika, umeme unapungua kwa wote. Upande wa Kivu ya Kaskazini, kituo cha Matebe kilizinduliwa mwaka 2015. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliruhusu sosiete za binafsi kuzalisha na kuuza umeme kando ya sosiete ya serikali. Tangu hapo mitaa mingine inalipia umeme mbele kwa mita, na mingine inaendelea na forfe. Kama bei imehesabiwa kwa dola na wewe unapata franka, franka ikianguka wewe unalipa zaidi, hata kama bei ya dola haikuguswa. Kwa hiyo unaposikia «bei haibadiliki», uliza: haibadiliki kwa pesa gani?

Mfano wa kwanza: gunia la makala

Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, ili tujifunze kuhesabu. Weka bei za soko lako mahali pake.

Tuseme familia inamaliza gunia moja kwa mwezi. Leo gunia ni franka 40.000. Muuzaji anasema: «Nitawapa kila mwezi kwa 50.000, miezi minne, sitapandisha.» Kwa miezi minne hiyo ni 200.000.

Hali ya kwanza: barabara inafungwa. Soko linakwenda 40.000, kisha 45.000, kisha 55.000, kisha 70.000. Jumla ni 210.000. Aliyepatana bei ya kudumu ameokoa 10.000.

Hali ya pili: barabara inabaki wazi. Soko linakwenda 40.000, kisha 45.000, kisha 40.000, kisha 38.000. Jumla ni 163.000. Aliyepatana bei ya kudumu amelipa 37.000 zaidi.

Ukitazama jumla peke yake, utasema bei ya kudumu haifai: inaokoa kidogo na kupoteza kingi. Lakini tazama mwezi wa nne wa hali ya kwanza. Siku hiyo familia iliyofuata soko inatakiwa kutoa 70.000 kwa mara moja. Kama ina akiba, ama mtu mmoja ana mshahara, itapita. Kama inaishi kwa kibarua cha kila siku, haitaweza. Hapo ndipo watoto wanalala bila kupikiwa, chakula cha msaada kinauzwa ili kununua makala, ama binti anatumwa msituni. Kwa familia ya namna hiyo, zile 37.000 si hasara tupu. Ni gharama ya kuepuka siku moja mbaya sana. Kwa familia yenye akiba, ni pesa iliyotupwa.

Mfano wa pili: mita moja, familia nne

Umeme unapimwa kwa kilowati-saa. Kitu cha wati 1.000 kikiwaka saa moja kinatumia kilowati-saa moja. Tuhesabu matumizi ya siku 30:

- Taa ya LED ya wati 9, saa 5 kwa siku: kilowati-saa 1,35.
- Taa ya zamani ya wati 60, saa 5 kwa siku: kilowati-saa 9.
- Pasi ya wati 1.000, nusu saa kwa siku: kilowati-saa 15.
- Jiko la umeme la wati 1.000, saa 2 kwa siku: kilowati-saa 60.
- Simu moja inayochajiwa kila siku: karibu kilowati-saa 0,3.

Sasa tazama. Familia ya wakimbizi yenye chumba kimoja, taa moja ya LED na simu moja, inatumia kama kilowati-saa 1,65 kwa mwezi. Jirani mwenye jiko la umeme anatumia 60 kwa jiko hilo peke yake. Ni zaidi ya mara 36. Wote wakilipa forfe sawa, mwenye taa moja anamlipia mwenye jiko. Na bei ikipanda, anazidi kumlipia. Tena, kwa sababu forfe haibadiliki, mwenye jiko hana sababu ya kulizima mapema.

Kwa hiyo kanuni ni hii: anayetumia kidogo anafaidika kulipa kwa kipimo, anayetumia kingi anapenda forfe. Mwenye parseli akikuambia forfe ni kwa faida yako, hesabu kwanza vitu ulivyo navyo.

Kama hakuna mita ndogo kwa kila chumba, kuna njia rahisi ya kugawana kwa alama. Taa ya LED ihesabiwe alama 1, taa ya zamani alama 7, pasi inayotumiwa kila siku alama 11, jiko la umeme alama 44. Jumlisheni alama za parseli nzima, gawanyeni pesa ya mwezi kwa jumla hiyo, na kila familia ilipe kulingana na alama zake. Hesabu hii si kamili, lakini kila mtu anaiona na kuielewa. Ugomvi mwingi unakufa pale hesabu inapofanywa mbele ya wote.

Maswali matano kabla ya kuchagua

1. Pesa yetu inaingia namna gani? Kama inaingia kiasi kilekile kila mwezi, bei ya kudumu inasaidia kupanga. Kama inapanda na kushuka, ogopa ahadi ya kulipa kiasi kikubwa kila tarehe moja.

2. Tutakaa hapa muda gani? Hili ni swali la mkimbizi zaidi kuliko la mtu mwingine. Februari 2025, kambi kubwa za pembezoni mwa Goma zilivunjwa katika siku chache na watu wakatawanyika. Mtu aliyelipa miezi sita mbele, akihama leo, atamdai nani? Patana muda mfupi: mwezi mmoja ama miwili. Lipa unapopokea, si mbele.

3. Muuzaji ataweza kutimiza ahadi? Bei nzuri ya mtu asiye na mzigo haina maana. Uliza anatoa wapi makala, na kama ana akiba nyumbani.

4. Kipimo ni kipi? Muuzaji aliyefungwa na bei anaweza kuacha bei ilivyo na kupunguza gunia. Hiyo ni kupandisha bei kwa siri. Kubalianeni juu ya ndoo moja ya kupimia, na iwekwe kwa mtu wa tatu.

5. Bei ikishuka, tunafanya nini? Mapatano mazuri yana mlango wa kutokea. Kwa mfano: soko likishuka kwa mwezi mzima chini ya kiasi fulani, pande mbili zikutane tena.

Funzo kutoka mbali: Uingereza, 2021 na 2022

Ndugu zetu wengi wanaishi Ulaya na wanalipa umeme na gesi kila mwezi. Yaliyotokea Uingereza yanaweza kutufundisha, hata kama nchi yao si kama yetu. Kule familia inaweza kuchagua bei ya kudumu, mara nyingi kwa mwaka mmoja ama miwili, ama bei inayobadilika. Tangu Januari 2019 kuna kikomo ambacho msimamizi wa serikali anaweka juu ya bei inayobadilika.

Bei ya gesi ilianza kupanda sana mwaka 2021, na vita vya Ukraine vya Februari 2022 vikazidisha. Kwa nyumba ya kawaida, kikomo kilikuwa pauni 1.277 kwa mwaka mnamo Oktoba 2021, kikapanda hadi 1.971 Aprili 2022. Cha Oktoba 2022 kilitangazwa kuwa 3.549, hata serikali ikaingilia kati na kuweka malipo ya nyumba ya kawaida kama 2.500.

Tunaona mambo matatu. Kwanza, waliopatana bei ya kudumu kabla ya kupanda walipata nafuu. Pili, bei ilipokwisha kupanda, wauzaji waliondoa bei nzuri za kudumu ama walizitoa ghali sana. Tatu, sosiete zaidi ya 25 zilianguka, kwa sababu nyingi zilikuwa zimeahidi bei ndogo bila kujiandaa. Wateja wao hawakukatiwa umeme, walihamishiwa kwa wauzaji wengine, lakini ile bei waliyoahidiwa ilipotea.

Hata kwetu ni vilevile. Wakati wa kupatana bei ya kudumu ni wakati wa utulivu, si siku ambayo risasi zimesikika na barabara imefungwa. Siku hiyo hakuna muuzaji atakayekubali, ama atataka bei ya hofu. Ukikosa nafasi ya mapema, usikimbilie kufunga bei wakati imefika juu kabisa, kwa maana unaweza kujifunga na bei ya hofu hata baada ya barabara kufunguka.

Njia ya katikati

Si lazima kuchagua upande mmoja. Familia nyingi zinaweza kufanya nusu kwa nusu:

- Patana bei ya kudumu kwa kiasi cha lazima tu, yaani makala ya kupikia chakula kimoja kwa siku. Kinachobaki nunua kwa bei ya soko, na upunguze bei ikipanda.
- Familia tano ama kumi zikiungana kwa njia ya likelemba, zinaweza kununua magunia kwa jumla wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara zinapokuwa nzuri, na kuyaweka mahali pakavu. Akiba ya wiki mbili ni bei ya kudumu ambayo mmejipa wenyewe, bila kumtegemea muuzaji.
- Punguzeni matumizi. Jiko bora lililotengenezwa vizuri linakula makala pungufu kuliko mbabula ya kawaida. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva upesi. Sufuria ifunikwe. Makala usiyoyachoma hayana bei.

Tunakumbusha pia: tusiwashe mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ama hema ili kupata joto usiku. Moshi wake usioonekana unaua. Na tusiunganishe nyaya kwa siri ili kukwepa mita: moto wa nyumba moja unaunguza avenyu nzima.

Kwa viongozi: mashefu wa avenyu, wenyeviti wa kamati, wachungaji, akina mama viongozi

Bei ikipanda, watu watawaomba muamuru bei. Tunawaelewa. Lakini kiongozi akiweka bei iliyo chini ya gharama ya muuzaji, muuzaji anapeleka mzigo mtaa mwingine, ama anauza usiku kwa bei ya juu zaidi. Anayeumia ni maskini asiyejulikana na muuzaji. Mara nyingi huyo ni mkimbizi.

Yako mambo yanayosaidia zaidi:

- Kutangaza bei ya soko kila juma katika mkutano, ili asiyejua asidanganywe.
- Kuwa na ndoo moja ya kupimia inayokubaliwa na wote.
- Kuandika mapatano mafupi: majina ya pande mbili, kiasi, bei, aina ya pesa, tarehe ya mwisho, na lini mtakutana tena. Kila upande ubaki na karatasi yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi.
- Kuhakikisha kwamba bei ya mkimbizi na bei ya mwenyeji ni moja. Bei mbili katika soko moja ni mbegu ya chuki.
- Kuwaweka wanawake katika kamati ya bei. Wao ndio wanaonunua na kupika, na wanajua gunia limepungua kabla ya mtu mwingine.

Kwa ufupi

Kama huna akiba na bei ikipanda ghafla itakuvunja, tafuta bei ya kudumu, lakini ya muda mfupi, kwa kiasi cha lazima, na ulipe unapopokea. Kama una akiba ama unaweza kupunguza matumizi, fuata soko. Kama unatumia umeme kidogo, usikubali forfe sawa na mwenye jiko. Na katika yote, patana wakati wa utulivu, andika, na mkumbuke jirani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika parseli yetu, nani analipa nini kwa umeme? Tuhesabu alama pamoja. Je, ni haki?
2. Bei ya makala ikipanda mara mbili kesho, ni familia zipi katika avenyu yetu hazitaweza kupika? Tutafanya nini kwa ajili yao kabla ya siku hiyo?
3. Ni muuzaji gani tunaweza kumwita tuzungumze naye sasa, wakati barabara iko wazi?
4. Je, wakimbizi na wenyeji wananunua kwa bei moja? Kama sivyo, nani atakwenda kulisema jambo hilo kwa upole?